Siku Kumi na Saba za Bi Tarehe

Shangazi yangu anaandika maisha ya watu. Si vitabu. Ni yale maelezo ya ukurasa mmoja au miwili ambayo ofisi huyataka kabla ya kukupa kazi, leseni au nafasi ya mafunzo: wewe ni nani, umetoka wapi, umefanya nini, kwa nini uaminiwe. Meza yake iko kwenye baraza la duka la daftari na kalamu, mkabala na ofisi za serikali, kati ya mashine ya fotokopi na yule bwana anayepiga picha za pasipoti. Mashine yake ya kuchapa ni ya zamani na herufi yake ya r imepinda, kwa hiyo ukiona ofisini barua ambayo r zake zote zimeegemea upande mmoja kama watu waliochoka, ujue imetoka kwa shangazi.

Watu humwita Bi Tarehe. Jina hilo alipewa na wateja kwa sababu ya jinsi anavyofanya kazi. Ukija na shida yako ukaanza kumimina maneno, anakunyamazisha kwa kiganja. Anachukua karatasi iliyotumika upande mmoja, anaigeuza, anapiga mstari wa kusimama katikati. Kushoto mwaka na mwezi, kulia ulichofanya. Huandikiwi hata neno moja kabla safu ile haijajaa kuanzia ulipozaliwa hadi leo.

"Miaka kwanza," husema. "Maneno baadaye."

Nimewaona watu wazima wakitoka jasho mbele ya karatasi ile. Nilikuwa napenda kukaa kwenye benchi pale barazani mchana, nikishampelekea chakula chake, nikiwatazama. Mimi si msemaji. Shule niliiacha darasa la tano kwa ajili ya kifua, na tangu hapo nimelelewa nyumbani na shangazi na bibi, baba yangu akiwa barabarani na lori lake wiki tatu kwa mwezi. Mtu asiyesema watu humsahau, wakaendelea na mambo yao kama hayupo.

Siku moja alikuja fundi bomba mmoja, mtu wa maneno mengi, suruali yake ina viraka vya simenti magotini. Alitaka maelezo ya kuombea leseni ya ufundi.

"Andika nimefanya kazi kiwandani miaka sita, dada," akasema.

Shangazi akamsogezea safu. Fundi akataja mwaka aliooa, mwaka aliohama, mwaka aliovunjika kidole. Shangazi akaandika, kisha akaweka ncha ya kalamu mahali fulani.

"Hapa uliingia kiwandani. Hapa ulitoka. Hii ni minne, fundi."

"Minne?" Fundi akainama, akahesabu kwa vidole, akahesabu tena. "Sasa ile miwili imekwenda wapi?"

"Niambie wewe."

Fundi akakwangua simenti ya goti kwa ukucha. Mwisho akasema kwa sauti ndogo kwamba miwili ile alikuwa amekaa tu nyumbani kwa shemeji yake, hana kazi, anaondoka asubuhi na mfuko wa vifaa ili majirani wamwone anatoka. "Mwenyewe nilishaanza kuamini nilikuwa kiwandani," akasema, kisha akacheka. "Wewe Bi Tarehe, wewe unamvua mtu nguo huku amekaa!"

"Vaa basi," shangazi akamwambia. "Miaka minne inatosha."

Hivyo ndivyo alivyokuwa. Hana utani na karatasi. Ila kulikuwa na maisha ya mtu mmoja ambayo hakuna aliyewahi kuyapigia mstari, nayo yalikuwa yake.

Kwetu nyumbani maisha ya shangazi yalijulikana, tena yalikuwa na sentensi yake. Shangazi alikuwa chuo cha ualimu, akaacha masomo ili amuuguze bibi. Bibi aliteleza kwenye ngazi ya mlango wa nyuma akavunjika nyonga, akalala miezi saba, na shangazi akarudi kumgeuza, kumwogesha na kumlisha. Ualimu ukafa. Hiyo ndiyo habari, miaka ishirini na miwili. Nimeisikia ikisimuliwa na baba, na majirani, na wageni waliokuja kuomba maji tu.

Aliyeisimulia sana ni bibi mwenyewe. Shangazi akirudi kazini akiwa amechoka, akavua viatu na kushusha pumzi, bibi husema kutoka kwenye kiti chake cha ukumbini, "Kama si nyonga yangu, mwanangu, leo ungekuwa mwalimu mkuu."

"Yaache hayo, mama," shangazi hujibu. Lakini hakusema kwamba si kweli.

Na bibi aliishi kama mtu anayekaa kwa watu. Ana mdomo mkali kwa wengine wote, hata muuza mkaa humwogopa, lakini kwa shangazi alikuwa mpole wa kupitiliza. Hakuomba maji mpaka aone mtu anasimama kwa shughuli nyingine. Chai alikunywa na kijiko kimoja cha sukari, tena nusu, ingawa mimi najua anapenda vitatu, kwa sababu tukiwa wawili peke yetu huniambia, "Wewe mke mwenzangu, ongeza hapo, usiwe bahili wa mali ya baba yako." Usiku kiungo cha nyonga kikimuuma huuma shuka. Asubuhi naona alama za meno.

Sasa, mwezi wa pili mwaka huu, kwenye ubao wa matangazo wa duka lile kukabandikwa karatasi. Kituo cha elimu ya watu wazima, kile cha nyuma ya posta ya zamani, kinafungua darasa la kuandika kwa walioacha shule mapema. Anatafutwa mwalimu wa alasiri. Cheti si lazima. Anayetaka aandike kwa mkono wake kurasa mbili zenye kichwa: Nilivyofika Hapa Nilipo.

Mimi jina langu nilishalipeleka siku ileile, kama mwanafunzi. Shangazi aliisoma ile karatasi akiwa amesimama, akaenda mezani, akachapa barua ya mtu, akarudi akaisoma tena. Siku ya tatu akanakili saa za kufungua ofisi kwenye kiganja chake kwa kalamu. Sijawahi kumwona akijiandika mkononi. Nikajua anaitaka kazi ile kuliko anavyoonyesha.

Aliandika jioni moja, haraka, kwenye meza ya jikoni. Hakupiga mstari. Nilimtazama nikitegemea ageuze karatasi iliyotumika, lakini alianza moja kwa moja kwenye karatasi safi. Nadhani aliona maisha yake anayajua. Alipomaliza alinipa nisome, na yalikuwa maneno mazuri kweli. "Nililazimika kuyaacha masomo niliyoyapenda ili nimuuguze mama yangu mzazi aliyekuwa mgonjwa mahututi, kwani wito wa mtoto kwa mzazi hautangazwi kwa kengele." Kulikuwa na sentensi nyingine kama hizo. Niliona zinang'aa sana, kama viatu vya dukani.

Alizipeleka. Baada ya siku nne zikarudi kwa mkono wa mlinzi wa kituo. Mkuu wa kituo, mwalimu mstaafu ambaye wote tunamjua kwa miwani yake iliyofungwa uzi, alikuwa ameandika kwa penseli chini ya ukurasa wa pili: "Mwandiko safi, Kiswahili safi. Lakini huyu ni nani? Nipe tena kabla ya Alhamisi ijayo, ukitaka."

Shangazi aliisoma pale barazani. Uso wake ukabadilika rangi. Kwa bahati mbaya, au nzuri, fundi bomba alikuwa amekuja kuchukua nakala zake, naye ni mtu anayeweza kusoma karatasi iliyopinduliwa.

"Huyu ni nani?" akasoma kwa sauti. "Ala! Bi Tarehe hajulikani! Mji mzima anautambulisha yeye, leo yeye kaulizwa kitambulisho!"

Bwana wa picha za pasipoti akacheka mpaka akashika kamera yake isianguke.

"Chukua karatasi zako uende, fundi," shangazi akasema.

"Naenda, dada, naenda. Ila nikuulize kitu kimoja tu, usinipige. Ulianza na miaka?"

Shangazi akamwelekezea kalamu. Fundi akainua mikono kama mtu aliyeelekezewa bunduki, akaondoka akipiga mluzi. Lakini swali lake lilibaki pale mezani. Mchana ule wote shangazi alichapa vibaya, akaharibu karatasi tatu.

Jumamosi asubuhi, bibi akiwa amelala kidogo baada ya dawa, shangazi alikaa jikoni, akageuza tangazo la zamani la mnada, akapiga mstari katikati. Mimi nilikuwa nachambua maharage kwenye sinia. Alianza vizuri. Mwaka wa kuzaliwa. Mwaka wa kuanza shule. Mwaka wa kifo cha babu. Kalamu ilikuwa inakimbia. Ilipofika mwaka ule wa chuo, ikapunguza mwendo, ikasimama.

"Bibi yako alianguka mwezi gani?" akaniuliza.

"Mimi sikuwa nimezaliwa, shangazi."

"Najua hukuwa umezaliwa." Akaguguna mfuniko wa kalamu. "Niletee mfuko wa vyeti."

Mfuko wa vyeti ni wa nailoni, unakaa juu ya kabati, umefungwa kwa mpira. Ndani mna kila kitu chetu: vyeti vya kuzaliwa, kadi za chanjo, risiti ya redio iliyokufa kabla sijazaliwa. Shangazi alitafuta akaipata kadi ya hospitali ya bibi, ya rangi ya waridi iliyofifia. Siku ya kulazwa: tarehe kumi na tisa, mwezi wa tisa. Akaiandika kwenye safu. Kisha akaendelea kupekua, polepole zaidi, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne ambayo mimi sijawahi kuiona. Ilikuwa fomu ya chuo, ya kurudisha godoro na shuka za bweni. Kila mwanafunzi anayeondoka hujaza. Sahihi yake ilikuwa pale chini, ya kijana, yenye mkia mrefu. Tarehe mbili, mwezi wa tisa.

Aliziweka zile karatasi mbili sambamba. Akahesabu kwa ncha ya kalamu akigonga meza, tak, tak, tak. Niliacha maharage.

"Kumi na saba," akasema. Aliitamka kama mtu anayesoma neno ambalo hajawahi kuliona.

"Kumi na saba nini, shangazi?"

"Chambua maharage."

Nikachambua. Yeye alikaa ameshika tama muda mrefu, akizitazama zile karatasi. Kama angekuwa mteja wake, angemsukumia kalamu na kumwambia, niambie wewe. Nadhani ndivyo alivyojiambia, maana mwisho alichukua karatasi nyingine, akaanza kuandika, na safari hii hakukimbia. Alikata maneno. Aliandika mstari akaufuta. Maharage yaliiva akiwa ukurasa wa kwanza.

Jumapili alasiri alikwenda ukumbini na zile kurasa. Bibi alikuwa kwenye kiti chake, fimbo imelala mapajani, anasikiliza redio. Shangazi akaizima redio. Akavuta kigoda akakaa chini yake, kama mtoto anayetaka kusukwa nywele.

"Mama, nataka nikusomee kitu. Usinikatize."

"Mimi nimekukatiza lini?" bibi akasema, mtu ambaye hukatiza hata taarifa ya habari.

Shangazi akasoma. Nakumbuka karibu yote, kwa hiyo nitayaandika nilivyoyasikia.

Alisema kwamba mwezi wa nane mwaka ule walipelekwa shule ya msingi kwa mazoezi ya kufundisha. Alipewa darasa la nne, watoto hamsini na wawili. Wiki ya kwanza na ya pili mwalimu wa darasa alikaa nyuma, akafundisha vizuri. Wiki ya tatu aliachwa peke yake. Asubuhi ile aliingia, watoto wakasimama wakamwamkia, akawageuzia mgongo kuandika tarehe ubaoni. Akaiandika. Tarehe mbili, mwezi wa tisa, mwaka. Ilipokwisha, akashindwa kugeuka. Shingo ilikataa. Aliona chaki mkononi, aliona vumbi la chaki kwenye kingo za ubao, alisikia macho mia moja na manne mgongoni. Darasa likawa kimya. Kisha mtoto mmoja akacheka. Hakucheka kwa ubaya, mtoto tu. Shangazi akaweka chaki chini, akatoka nje ubavuubavu, uso wake bado kwenye ukuta, akaenda moja kwa moja bwenini, akakunja godoro.

"Nilifika nyumbani nikamwambia mama tumepewa mapumziko ya wiki mbili," akasoma. "Wiki mbili zilipokwisha nikasema wameongeza. Kila asubuhi nilikuwa natafuta nitasema nini kesho. Siku ya tatu baada ya hapo, mama alianguka."

Hapo akageuza ukurasa.

"Nilipomwona mama sakafuni nililia, na kilio kilikuwa cha kweli. Lakini ndani ya kilio kile kulikuwa na kitu kingine, na leo ndiyo mara ya kwanza nakiita kwa jina lake. Nilipata nafuu. Nilikuwa nimepewa sababu. Watu walikuja kumwona mama wakanishika mkono wakasema, maskini, umeacha masomo kwa ajili ya mzazi. Wa kwanza nilikaa kimya. Wa pili nikaitikia kwa kichwa. Sikumbuki ni lini nilianza kusimulia mwenyewe, wala sikumbuki ni lini niliacha kujua kwamba si kweli. Mama yangu hakunizuia kuwa mwalimu. Nilikuwa nimeshakimbia siku kumi na saba kabla."

Akakunja karatasi. Redio ilikuwa imezimwa na hapakuwa na kitu cha kusikiliza isipokuwa bomba la jirani linalovuja.

"Kumi na saba?" bibi akauliza.

"Kumi na saba, mama."

"Umehesabu vizuri?"

"Nimehesabu mara nne."

Bibi akatazama nyonga yake, kama mtu anayemtazama mtoto aliyechapwa kwa kosa la mwenzake. "Miaka ishirini na miwili," akasema taratibu, "nimekuwa nikikuomba radhi ndani ya nyumba hii."

"Najua, mama. Nisamehe."

"Hujui. Ungejua ungeninyamazisha." Akainua fimbo akaielekeza kwangu, mlangoni. "Wewe. Maji."

Nikaleta maji. Akanywa, akarudisha bilauri. "Haya ya moto. Ya mtungini."

Siku mbili zilizofuata nyumba yetu ilikuwa na mtu mpya. Bibi hakusema na shangazi neno la mazungumzo hata moja, maagizo tu. Mto. Si huo, ule laini. Dirisha. Chai, vijiko vitatu, tena vya kujaa, nami nikiwa naenda na kurudi mpaka visigino vikaniuma. Kiungo kilipomuuma hakuuma shuka, alipiga kelele nyumba nzima ikaamka, shangazi akakimbia na mafuta ya kuchua akamkanda nusu saa bila wao kutazamana. Nilidhani nyumba imevunjika. Lakini asubuhi nikitandika kitanda, shuka halikuwa na alama.

Shangazi hakulalamika. Alikuwa anapokea yale maagizo kama mtu anayelipwa, wala si kama mtu anayeadhibiwa. Kilichomkaa rohoni kilikuwa kingine. Zile kurasa mbili zilikuwa bado ndani ya mkoba wake, Jumanne ikapita, Jumatano ikafika.

Jumatano ile, akimwekea bibi sahani, bibi akasema bila kuinua macho, "Ile karatasi umepeleka?"

"Bado."

"Unangoja nini?"

"Mama, wanatafuta mwalimu. Nikiwapa hiyo nitakuwa nimewaandikia kwa mkono wangu kwamba nililikimbia darasa. Nani atanichukua? Ile ya kwanza ningeirekebisha kidogo tu, niiweke tarehe…"

"Ile ya kwanza inamsema nani?"

Shangazi akasogeza bakuli la mchuzi.

"Inanisema mimi," bibi akasema. "Mimi na nyonga yangu. Sitaki nyonga yangu itumiwe tena kuombea kazi kwenye ofisi za watu. Umenisomea mimi niliyevunjika, ukatoka mzima. Huyo mwenye miwani ya uzi atakufanya nini?" Kisha akaonja mchuzi. "Chumvi hakuna humu."

Alhamisi tulikwenda pamoja, shangazi na mimi, kwa sababu nilitakiwa kuthibitisha jina langu. Kituo kina vyumba viwili na ofisi isiyo na mlango, ina pazia tu, na siku ile pazia lilikuwa limefungwa fundo kwa ajili ya joto. Nilikaa kwenye benchi nje. Mkuu wa kituo alizisoma zile kurasa mbili mbele yake, midomo ikicheza. Shangazi alisimama, mkoba kifuani. Hakuketi ingawa kiti kilikuwepo.

Alipomaliza, mzee akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena.

"Sasa nimekuona," akasema. "Wa mara ya kwanza alikuwa mtu mwema sana. Nilimwogopa."

Shangazi hakucheka.

"Lakini nikuulize, bibie. Hawa ninaotaka uwafundishe wote waliacha shule. Ukiwageuzia mgongo kuandika, halafu shingo ikakataa tena?"

"Sijui, mwalimu," shangazi akasema. "Nikisema haitakataa nitakuwa nimerudi kwenye ile karatasi ya kwanza."

Mzee akamtazama. "Na mimi sijui," akasema. "Jumatatu saa tisa. Wanafunzi ni kumi na wanne. Chaki utaikuta dirishani."

Jumatatu nilifika mapema nikakaa dawati la nyuma, ukutani. Walikuja kina mama wawili wanaouza nguo, kijana wa gereji, mpishi wa hospitali, mlinzi mwenyewe wa kituo, na wengine. Halafu akaingia fundi bomba na suruali yake ya viraka.

"Na wewe kusoma hujui?" mama mmoja akamuuliza.

"Kusoma najua. Nimechoka kulipia r zilizopinda, nataka nijiandikie mwenyewe," akasema, akajibana kwenye dawati la mbele ambalo magoti yake hayakulipenda.

Saa tisa kamili shangazi akaingia. Alikuwa amevaa gauni la bluu ambalo huvaa kwenye harusi. Tulisimama, tukamwamkia, akaitikia, tukaketi. Akachukua chaki dirishani, akageukia ubao, akaandika tarehe. Mwandiko wake mzuri, mkubwa, bila kutetemeka.

Kisha akakaa hivyo.

Chaki ilibaki imegusa nukta ya mwisho. Niliona mgongo wake tu, na zipu ya gauni, na mkono wa kushoto uliokuwa umeshika ukingo wa ubao mpaka vidole vikawa vyeupe. Mpishi wa hospitali akakohoa. Viti vikalia. Mimi nilikuwa naelewa ninachokitazama, na katika chumba kile ni mimi peke yangu niliyeelewa, na sikuweza kufanya chochote. Niliuma ulimi. Nilitaka nisimame nikatoke, nisione.

"Bi Tarehe," fundi bomba akasema kutoka mbele, kwa sauti yake ileile ya barazani. "Tarehe tumeiona, dada. Hata wa nyuma wameiona. Sasa kuna nini kingine?"

Mtu akacheka. Kisha wengine wakacheka, chumba kizima, kicheko cha watu waliokuwa na hofu ya siku ya kwanza na wanatafuta pa kuitua.

Niliona mabega ya shangazi yakipanda. Nikadhani sasa anatoka, ubavuubavu, uso ukutani. Mguu wake wa kulia ulisogea kweli, hatua moja kuelekea mlangoni. Ukasimama. Alivuta pumzi, tukaisikia wote.

Akageuka.

Uso wake ulikuwa na jasho na vumbi la chaki shavuni, nao ulikuwa haujapendeza hata kidogo. Akatutazama mmoja mmoja, mstari kwa mstari, mpaka akanifikia mimi ukutani.

"Kuna miaka," akasema. Akatoa kwenye mkoba rundo la karatasi zilizotumika upande mmoja, akaanza kuzigawa. "Geuzeni. Pigeni mstari katikati. Na wewe fundi, ile miwili uliyokaa kwa shemeji yako, leo utaniandikia ulikuwa unafikiri nini."

"Ah, dada, mbele za watu!"

"Mbele za watu."

Safu yangu mimi ilikuwa fupi kuliko zote. Nilipofika mwaka wa darasa la tano nilisimama, nikafikiri kuhusu kifua changu, kama ni kifua kweli. Lakini hilo ni langu, nitaliandika zamu yangu ikifika.

Nilirudi nyumbani kabla ya shangazi, ambaye alibaki kufuta ubao. Bibi alikuwa ukumbini, redio imezimwa. Hakuniitikia salamu.

"Aligeuka?" akauliza.

"Aligeuka, bibi."

Akaegemea kiti, akaiweka fimbo chini, akafumba macho. Nilidhani amesinzia.

"Haya, weka maji ya chai," akasema. "Na shangazi yako mwekee vijiko vitatu. Leo kafanya kazi."